Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe: Hofu, Maji na Hoja ya Ushenzi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza maisha ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe katika nchi ya Rufiji, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Maisha hayo yamekwisha kuelezwa na wanahistoria, na yamejengewa tamthilia inayosomwa katika shule na vyuo vyetu. Hata hivyo, yapo maswali ambayo bado hayajapewa uzito unaostahili, hasa yale yanayohusu maneno yaliyotumika kumweleza mtu huyu na watu waliomfuata. Tunakusudia kuyatazama maisha yake kwa kuongozwa na swali moja: je, watu waliojaa hofu, ambao hawana mamlaka wanayoiamini, hawana budi kushuka na kuwa washenzi?

Swali hili linafahamika sana katika fasihi ya Kiingereza kutokana na riwaya ya William Golding iitwayo Lord of the Flies, iliyochapishwa mwaka 1954. Golding (1911–1993), aliyekuwa mwalimu wa shule na ambaye alipigana katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, anasimulia habari za wavulana walioachwa peke yao kisiwani baada ya ndege yao kuanguka. Mwanzoni wanachagua kiongozi na kutunga kanuni. Kisha hofu ya mnyama asiyeonekana inawaingia, kanuni zinavunjika, na watoto wanawaua wenzao. Wasomaji wengi wameichukua riwaya hiyo kuwa maelezo ya tabia ya binadamu popote alipo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ulinganisho huu una uzito wa pekee. Watawala wa kikoloni walizoea kuwahesabu watu wazima wa huku kuwa ni watoto, na kuueleza upinzani wao kuwa ni kishindo cha hofu na ushirikina. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 vilielezwa hivyo hivyo. Kwa hiyo maisha ya Kinjikitile ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo.

2.0 Bonde la Rufiji kabla ya 1904

Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika matawi mengi na kufanya delta pana yenye misitu ya mikoko. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Kusini mwa mto, ardhi huinuka polepole kuelekea vilima vya Umatumbi. Ngarambe iko upande huo wa kusini, mahali ambapo Wamatumbi, Wangindo, Warufiji na Wandengereko wamekuwa wakikutana kwa biashara, kwa ndoa na kwa matambiko.

Maisha ya bonde hili yamefuata mwendo wa maji. Mafuriko yakija mengi mno hufagia mimea, na yakikosekana ardhi haipati rutuba ya kilimo cha mlau, yaani mazao yanayopandwa maji yanapopungua. Kwa sababu hiyo, mizimu iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa ile iliyohusishwa na maji. Mkubwa wao alikuwa Bokero, aliyekuwa na mahali pake pa matambiko mtoni Rufiji. Watu walimwendea kwa ajili ya mvua, mavuno na salama ya nyumba zao. Chini yake alikuwapo Hongo, pepo wa majini. Kolelo wa Uluguru naye alikuwa na hadhi kama hiyo kwa watu wa kaskazini, hasa Wazaramo na Waluguru. Kwa hiyo, kabla ya kuwapo serikali moja juu ya watu hawa wote, ilikuwapo mitandao ya imani iliyovuka mipaka ya makabila na ya lugha.

Utawala wa Wajerumani ulikuja na hofu za namna nyingine. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Maakida na majumbe waliwekwa ili kuikusanya na kuwatoa watu kazini. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ulianzishwa mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba. Kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi humo kwa siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa kati ya wafanyakazi, jumbe na chombo cha serikali kilichouza pamba, na malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, kiasi ambacho wengine walikataa hata kukipokea. Viboko navyo vilikuwa sehemu ya kawaida ya kazi hiyo.

Madhara yake hayakuishia kwenye mashamba ya pamba. Mwanamume aliyekuwa kwenye shamba la jumbe hakuwako kwake kulinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe mwitu. Thaddeus Sunseri ameonyesha, kwa kuchunguza habari za Uzaramo, jinsi vizuizi vya uwindaji na kutokuwapo kwa wanaume kulivyowaachia wanawake mzigo wa kupambana na wanyama waharibifu na njaa. Katika bonde la Rufiji, ambako mkulima hulala kwenye dungu usiku kucha ili kuyanusuru mazao yake, si vigumu kuona maana ya jambo hilo. Basi hofu ya watu hawa haikuwa ya mnyama wa kufikirika. Ilikuwa na majina yanayojulikana: kodi, kiboko, nguruwe na njaa.

3.0 Kuchukuliwa na Hongo

Habari zilizo wazi za Kinjikitile zinaanza mwaka 1904, alipokuwa akiishi Ngarambe pamoja na jamaa zake. Tunazipata zaidi kutokana na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960, ambayo sehemu yake ilitolewa na Gwassa pamoja na John Iliffe mwaka 1968. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walikusanya masimulizi mengine mengi katika miaka hiyo.

Kwa mujibu wa masimulizi hayo, siku moja Kinjikitile alishikwa na pepo mbele ya watu. Alilala kifudifudi, akanyosha mikono, akawa anatambaa kuelekea kwenye maji. Jamaa zake walijaribu kumzuia wasiweze. Aliingia kwenye kidimbwi akatoweka. Waogeleaji walizama kumtafuta, hawakumpata, na watu wakaanza kudhani kwamba amekufa. Kesho yake alitoka majini akiwa mzima, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo alianza kusema habari za Hongo na za Bokero.

Mtafiti anaweza kuyapokea maelezo haya kwa njia mbalimbali, lakini muundo wake una mantiki iliyoeleweka na wasikilizaji wake. Mtu anayechukuliwa na maji, akakaa huko alikokaa pepo, kisha akarudi bila kulowa, amepewa idhini na mamlaka kubwa kuliko ya jumbe au ya akida. Kwa watu waliokosa mamlaka ya kuiamini, jambo hilo lilikuwa ni kuipata mamlaka upya. Hapa ndipo historia ya Ngarambe inapoanza kuachana na kisiwa cha Golding. Kisiwani, kisichoonekana kinawavunja watu na kuwatawanya. Ngarambe, kisichoonekana kiliwakusanya.

Mafundisho yake ya awali yalikuwa na mambo makubwa matatu. Kwanza, wafu hawakupotea, bali wako kwa Bokero na wataonekana tena. Pili, watu wote ni wa ukoo mmoja, ambao aliutaja kuwa ni ukoo wa Sayyid Said. Jambo hili la pili linastahili kuzingatiwa, kwani kumbukumbu ya Sultani wa Unguja iligeuzwa kuwa lugha ya umoja kwa watu wasiokuwa na mfalme mmoja. Tatu, Mzungu si kiumbe wa kuogopwa, bali ni kama udongo mwekundu au samaki wa majini.

4.0 Maji, Njwiywila na Likinda

Kinjikitile alijenga nyumba kubwa ya ibada iliyoitwa Kijumba-nungu, yaani nyumba ya Mungu. Dawa aliyoitoa ilikuwa ni maji yaliyochanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika. Watu walinyunyiziwa, walikunywa, na wengine walichukua kidogo kurudi nayo makwao. Dawa hiyo ilisemekana kuwa ina uwezo wa kuzifanya risasi za Wazungu zigeuke maji. Tusisahau kwamba mtama na maji ni vitu vya mkulima. Wapo wanahistoria wa siku hizi wanaosisitiza kwamba wengi waliyaendea maji kwa ajili ya mvua, mazao na uzazi kabla ya kuyaendea kwa ajili ya vita, na hoja hiyo inapatana na kazi ya kale ya Bokero.

Kuanzia mwishoni mwa 1904 hadi katikati ya 1905, habari za Ngarambe zilienea kwa njia iliyoitwa njwiywila, neno la Kimatumbi lenye maana ya taarifa ya siri inayopokezanwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Makundi ya mahujaji yalikuja chini ya viongozi wao, wakapokelewa kwa utaratibu, wakafundishwa, kisha wakarudi. Wajumbe wa Kinjikitile, ambao nao waliitwa kwa jina la Hongo, walipeleka maji katika nchi za mbali. Mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda yalifanyika kwa siri. Masimulizi yanataja pia miiko: wapiganaji wasipore mali, na wajitenge na wanawake wakati wa vita.

Kwa mtazamo wa isimu, mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni uchaguzi wa jina. Watu wa lugha nyingi, wakiwamo Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, waliipa harakati yao jina la Kiswahili, yaani maji. Kiswahili, ambacho kilikuwa ndiyo lugha ya akida na ya risiti ya kodi, kiligeuzwa kuwa lugha ya waliokuwa wakitozwa. La pili linahusu maneno ya hofu yenyewe. Kiswahili kinatofautisha hofu, inayomfanya mtu akimbie, na kicho, kinachomfanya mtu asimame kwa adabu mbele ya kilicho kikubwa. Yaliyofanyika Ngarambe yanaweza kuelezwa kuwa ni jitihada ya kuihamisha hofu kutoka kwa Mjerumani na kuweka kicho mbele ya Hongo. Miiko, ibada na mazoezi ya likinda yote yalikuwa vyombo vya kazi hiyo.

Hata hivyo, Kinjikitile aliwataka watu wangoje. Alisema kwamba atatoa amri wakati utakapofika. Agizo hilo ndilo lililomponyoka.

5.0 Julai na Agosti 1905

Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete walikwenda kwenye shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Masimulizi yanaeleza kwamba walichoka kungoja, na kwamba kitendo hicho kilikusudiwa kuwa tangazo la vita: pamba ndiyo iliyowaleta maakida na viboko, kwa hiyo kuing'oa kulikuwa ni kumwita adui aje. Akida wa Kibata, Sefu bin Amri, alishambuliwa, na katika siku zilizofuata Somanga, kituo cha biashara cha pwani, ilichomwa moto.

Kinjikitile hakuiongoza vita hiyo. Wajerumani walikwisha kumkamata mwezi huo wa Julai, baada ya habari za mikusanyiko ya Ngarambe kuwafikia maakida. Alipelekwa Mohoro, karibu na delta, ambako kulikuwa na kituo cha serikali. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia wauaji wake kuwa kifo chake hakitabadili kitu, kwa kuwa dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ndugu yake, Njugumaina, alishika nafasi yake kwa jina la Nyamguni.

Kwa hiyo, mtu ambaye jina lake limeambatana na vita kubwa kuliko zote zilizopiganwa dhidi ya Wajerumani katika Tanganyika alikufa vita hiyo ikiwa na siku chache tu. Jambo hili halina budi kukumbukwa kila tunapomsifu au kumlaumu kwa yaliyofuata.

6.0 Vita bila mwenye maji

Maji yaliendelea kusafiri bila yeye. Omari Kinjala aliyapeleka Ungoni. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss na wamisionari wanne aliokuwa akisafiri nao waliuawa njiani kuelekea Liwale. Hawakuwa jeshi, na miongoni mwao walikuwamo masista wawili. Maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu yaliporwa mahali pengi, ingawa miiko ya Ngarambe ilikataza uporaji. Si sahihi mwanahistoria kuyafunika mambo haya kwa ajili ya kutunza heshima ya taifa. Mwiko hulindwa na mwenye kuuweka na wale walio karibu naye. Kadiri maji yalivyofika mbali na Ngarambe, ndivyo yalivyochukuliwa na watu wenye magomvi yao ya zamani, na ndivyo mwiko ulivyodhoofika.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuja mchana wazi, wakaelekea kwenye bunduki za mtombo, na mamia yao waliuawa. Imani katika maji ilianza kupungua baada ya siku kama hizo, lakini vita haikwisha. Iligeuka kuwa ya kuvizia, na katika baadhi ya mahali iliendelea hadi 1907.

Jibu la serikali lilikuwa njaa. Maofisa wa Kijerumani waliamua kwamba risasi peke yake hazitoshi, wakaamuru vijiji vichomwe, maghala yatekwe na mashamba yaharibiwe. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja. Kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, upande wao ulipoteza Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Kwa upande wa wananchi, hesabu rasmi ilitaja vifo 75,000, ambapo Gwassa amekadiria kuwa walikufa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi.

7.0 Nani alikuwa mshenzi?

Baada ya vita, Götzen aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1909, ambamo waganga na ushirikina wanapewa nafasi kubwa katika kueleza chanzo cha vita. Maelezo ya namna hiyo yanafanana kwa muundo na riwaya ya Golding: watu wenye akili za kitoto wanashikwa na woga wa visivyoonekana, wanaanza kuua, kisha mtu mzima anafika na kurudisha nidhamu.

Mtazamo wa kuwadharau wapiganaji haukuwa wa Wazungu peke yao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, katika utenzi wake kuhusu vita hivi uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, anaziangalia habari hizi kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Katika jamii hiyo neno mshenzi lilikuwa kinyume cha mwungwana. Lilimtaja mtu wa bara, asiye wa dini wala wa mji. Halikuwa na maana ya mtu aliyeshuka kutoka kwenye ustaarabu, kwa kuwa mshenzi alihesabiwa kuwa hajawahi kuupanda. Dhana ya mtu mstaarabu kushuka na kuwa mshenzi, ambayo ndiyo kiini cha riwaya ya Golding, ni dhana nyingine, na tunapoitafsiri kwa neno letu ushenzi tunaingiza bila kujua mgawanyo wa zamani wa pwani na bara. Mwanafunzi anayeandika juu ya Maji Maji hana budi kulitumia neno hili kwa uangalifu.

Julius Nyerere alipozungumza katika Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliigusa hoja hii moja kwa moja. Alikana kwamba watu wa 1905 walisukumwa na hofu au kiapo cha kishirikina, akasema kuwa waliitikia wito wa asili wa kutaka uhuru. Kwa siasa za wakati ule jibu hilo lilikuwa la lazima. Kwa uchunguzi wa kitaaluma linahitaji kuongezewa kitu, kwa sababu hofu ilikuwapo kweli, na dawa ilikuwapo kweli. Tatizo la maelezo ya Götzen ni kuichukulia hofu hiyo kuwa haina sababu, na dawa hiyo kuwa haina utaratibu.

Ebrahim Hussein aliliona tatizo hili kwa undani zaidi katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969. Mhusika wake si Kinjikitile wa historia, na hata tahajia ya jina inatusaidia kuwatenganisha. Kinjeketile wa tamthilia anaishi kuona vita ikishindwa, na anateswa ili akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua neno lake limekwisha kuwa mali ya watoto watakaozaliwa. Kinjikitile wa Mohoro hakupewa nafasi ya kuona wala kukiri. Lakini wote wawili wanakutana katika jambo moja, kwamba neno likishatoka kinywani mwa mwenyewe hukua kwa njia ambayo yeye hawezi kuiamuru.

Katika riwaya ya Golding, watoto wanaokolewa na ofisa wa jeshi la majini anayeshangaa kuona walivyokuwa, ilhali meli yake mwenyewe ni ya vita. Delta ya Rufiji imeushuhudia mfano wa kinaya hicho. Mwaka 1914, miaka tisa tu baada ya Kinjikitile kunyongwa, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika matawi ya mto huo, na mwezi Julai 1915 manowari za Kiingereza ziliipiga humo humo mpaka ikateketea. Mataifa yaliyojipa kazi ya kuwaondoa wenyeji katika ushenzi yalikuja kuuana kwenye maji ya Hongo.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Kinjikitile Ngwale hayaungi mkono hoja kwamba hofu, ikikosa mtu mzima wa kuizuia, huzaa ushenzi peke yake. Hofu ya bonde la Rufiji ilizaliwa na utawala wenyewe uliodai kuwa ndio mtu mzima. Ngarambe iliipa hofu hiyo nyumba, miiko, mazoezi na lugha moja. Tumeona pia kwamba utaratibu huo haukuvumilia haraka ya wafuasi wala umbali, na kwamba baadhi ya waliokufa mikononi mwa wenye maji hawakustahili kufa. Mambo yote mawili ni sehemu ya urithi wake.

Leo msafiri atokaye Dar es Salaam hupita Kibiti na kuuvuka mto kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, bila kulazimika kumwomba yeyote idhini ya kuvuka. Ngarambe na Mohoro ziko upande wa pili. Bado kuna kazi ya kufanywa huko, hasa ya kukusanya msamiati wa Kimatumbi, Kingindo na Kindengereko unaohusu maji, mizimu na miiko. Istilahi kama njwiywila na likinda zimetufikia kwa sababu watafiti wa miaka ya 1960 waliwahi kuwasikiliza wazee. Wanafunzi wetu wa isimu wanapaswa kuichukua kazi hiyo kabla maneno mengine ya aina hiyo hayajasahauliwa.